Fimbo ya bei nafuu kwa rili ya spinkasti: nichukue ipi?

ChamboHai:
Habari zenu wakuu. Nina rili (kifaa cha kuzungushia mshipi wa kuvulia) ya spinkasti, ile ya kofia mbele na kitufe cha dole gumba nyuma, yenye mshipi wa nailoni wa lb 8, yaani unaohimili mvuto wa ratili 8. Natafuta fimbo ya bei ya chini kwa samaki wa kilo moja au mbili bwawani. Dukani kuna zenye pete kubwa za kupitishia mshipi na zenye pete ndogo, muuzaji anasema yoyote inafaa. Ni kweli?

NdoanaNamba6:
Mkuu, yoyote itafungika, ila si yoyote inafaa. Rili hiyo hukaa juu ya fimbo, pete nazo zikitazama juu. Chukua ya pete ndogo, yenye kipembe cha kuzuilia kidole cha shahada chini ya kitako cha rili. Bila kipembe hicho fimbo inateleza mkononi, maana dole gumba liko kwenye kitufe na halisaidii kubana.

Pete kubwa ni za rili ya wazi, isiyo na kofia, inayoning'inia chini. Mshipi wake hutoka kwa mizingo mipana, ndiyo maana pete ya kwanza huwa pana. Kwako mizingo hiyo inabanwa na tundu la kofia kabla haijafika kwenye pete. Isipokuwa kama rili yako inafyatuliwa kwa kidole upande wa chini: hiyo huning'inia, na hapo pete kubwa ndizo zake.

Urefu futi 5 na nusu hadi 6 na nusu. Soma maandishi juu ya mpini: mshipi lb 6–12, chambo takriban gramu 4 hadi 14. Fimbo ngumu kuliko hapo haipindiki kwa chambo chepesi, na isipopindika hairushi.

ChubwiZito:
Naongeza la muhimu: usihangaikie fimbo ya kaboni, chukua ya faiba (nyuzi za kioo). Breki ya rili nyingi za spinkasti za bei ndogo huachia mshipi kwa kushtuka samaki anapovuta, si kwa ulaini. Samaki akikurupuka, fimbo ya faiba inajipinda na kumeza ule mshtuko. Fimbo ngumu inaupeleka moja kwa moja kwenye fundo, mshipi unakatika. Faiba ni nzito kidogo, lakini kwa rili hii ndiyo nakushauri.

Nenda dukani na rili yako. Ikaze kwenye kitako, kisha itikise: ikicheza hata kidogo, acha. Pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikinasa nyuzi, pete ina ufa na itakula mshipi. Unganisha vipande viwili, chungulia kutoka mpini hadi ncha. Pete zote zikae mstari mmoja, na kiungo kisilie ukiipunga.

ChamboHai:
Shukrani sana wakuu. Nikibadilisha mshipi niweke wa kusuka, ili uwe mwembamba zaidi?

NdoanaNamba6:
Hapana, baki na nailoni. Wa kusuka huzama kati ya mizunguko ya chini ukivutwa kwa nguvu, na kwenye rili nyingi za aina hii kile kipini cha kukamata mshipi ndani ya kofia hushindwa kuushika vizuri. Usijaze hadi ukingo pia, acha kama milimita 3. Ukizidisha, mizingo hufumuka chini ya kofia na kukwama papo hapo unaporusha.