Naomba ushauri: anayeanza jimu aingie lini kwenye vyuma vya kasi?

Habari za jioni wakuu. Makocha na wazoefu wa jimu, naomba mnikosoe mpango huu wa mtu mzima asiyewahi kubeba vyuma, kabla hajaingia kwenye vyuma vya kasi, yaani kunyanyua chuma kirefu kwa nguvu ya ghafla.

Wiki 8, siku 3 kwa wiki, zisifuatane. Kuchuchumaa amekumbatia dambeli ya kilo 8 kifuani, seti 3 za mara 10; pushapu; kuvuta dambeli akiwa ameinama; kujishikilia kwa viwiko sekunde 30. Akimaliza seti zote na bado anaweza kurudia mara 2, wiki ijayo aongeze kilo 2. Chuma kirefu asikiharakie: kile cha kawaida cha mashindano ya wanaume ni kilo 20 kikiwa kitupu.

Kinachonitia wasiwasi ni kano, zile nyuzi ngumu zinazoshikiza misuli kwenye mifupa. Misuli hupata nguvu mapema, kano huchelewa, ndiyo maana goti huanza kuuma mtu akijiona yuko vizuri kabisa. Visigino vikinyanyuka, magoti yakiingia ndani au kiuno kikijikunja, seti iishie hapo hata kama ni mara ya 6. Mkojo ukiwa wa rangi ya soda ya kola baada ya mazoezi, hospitali siku hiyo hiyo.

Je, wiki 8 zinatosha au mnasubiri 12? Na mnampimaje kabla ya kumruhusu aguse vyuma vya kasi?