Mafundi wa "nyumba janja", nani aliwaambia kuapdeti ni kubonyeza kitufe na kudai hela?

Wakuu, acha niseme leo. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na nyuzi za sola.

Nyumba yangu inaendeshwa na Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, imekaa kwenye Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo iliyoko nyuma ya king'amuzi. Taa, pampu ya maji, hesabu za sola, vyote humo. Ilifungwa mwanzoni mwa 2022 na fundi ambaye sitamtaja, na tangu hapo haikuguswa, maana yeye mwenyewe alituambia "bosi, kikifanya kazi usikiguse". Juzi nikamwita aisasishe. Kabla hajakaa nikamuuliza habari ya bekapu. "Usiwe na wasi bosi, inajifanya yenyewe."

Inajifanya wapi? Bekapu ya kujiendesha ilikuja na toleo la 2025.1 (yaani mwaka na mwezi). Sisi tulikuwa 2022.3!

Akaruka kutoka 2022.3 moja kwa moja hadi 2025.11. Programu hii inatoa toleo jipya kila mwezi, na kila toleo lina ukurasa unaoeleza nini kimevunjwa na nini kimehamishwa. Hakufungua hata mmoja. Sasa sikilizeni kilichotokea. Kipimo cha tangi langu kinatuma taarifa kwa MQTT, njia ya vifaa kupashana ujumbe, na aliyekiandika kwenye faili la mipangilio ni yeye, kwa mtindo wa zamani wa kukiweka chini ya neno "sensor". Mtindo huo ulipigwa marufuku mwaka huohuo wa 2022, mipangilio yote ikahamishiwa chini ya neno "mqtt". Kwa hiyo baada ya kuapdeti, kipimo kikatoweka. Swichi ya pampu yenyewe ikabaki nzima, kwa sababu ile inajitambulisha bila kuandikwa.

Saa nne usiku pampu ikawaka kwa ratiba kama kawaida. Ilitakiwa izime tangi likifika asilimia 95. Nani wa kuiambia limefika? Imekimbia hadi alfajiri, maji yameshuka ukutani mpaka uani kwa jirani, na mama mwenye nyumba ile ndiye aliyenigongea geti. Na wakati fundi anafunga mfumo nilimwomba aweke floti ya kawaida ya kukata umeme tangi likijaa, akacheka, eti hayo ni mambo ya kizamani!

Bado. Matoleo mapya yakiwaka mara ya kwanza yanapanga upya hifadhidata, faili la home-assistant_v2.db. La miaka yote hiyo, kwenye memori kadi, kazi hiyo inachukua muda mrefu, na inataka nafasi ya kutosha kwenye kadi. Mwamba akaona skrini imetulia, akasema "imeganda", akachomoa waya wa umeme. Nimekuta faili langu limepewa jina jipya lenye neno corrupt na tarehe, na pembeni yake jipya tupu. Rekodi zote za sola, kwaheri. Nikimpigia anasema "mfumo ndio umebadilika bosi", halafu anaulizia hela iliyobaki.

Na msije na ile hoja ya "si ungeiacha tu". Machi 2023 lilitangazwa tundu kwenye Supervisor, sehemu ya Home Assistant inayosimamia mfumo, lililomruhusu mtu kupita bila nywila, likapewa 10 kati ya 10 kwa hatari. Mfumo uliofunguliwa kwa intaneti ukiachwa hivyohivyo ni mlango wazi. Kusasisha ni lazima. Ninachogomba ni namna.

Namna ilikuwa hii, na si elimu ya roketi. Chukua bekapu kamili, itoe nje ya kadi iende kwenye kompyuta. Nunua memori kadi ya pili, ifungie mfumo na uirudishie bekapu, ile ya zamani itoe uiweke kabatini kama ilivyo. Mambo yakiharibika unairudisha na nyumba inaendelea. Panda kwa hatua, mathalani 2022.12 kwanza, kwa amri ya ha core update --version, ukisoma kilichovunjwa kila hatua na kurekebisha faili kabla ya kuendelea. Vile vya kuongezea kutoka HACS (duka la nyongeza zilizotengenezwa na watumiaji) vizime kwanza. Pi iwe kwenye inveta siku hiyo, umeme wetu mnaujua. Na pampu izimwe kwenye breka mpaka kila kipimo kisomeke.

Kingine ambacho fundi wangu hakukijua kabisa: alichonifungia ni mfumo wa biti 32, aina ya zamani, na 2025.12 ndilo toleo la mwisho kwa huo. Pi 3 inabeba biti 64 bila shida. Angefunga wa 64 kwenye kadi mpya akairudishia bekapu, tungemaliza yote mawili safari moja. Sasa nalipia kazi upya.

Natafuta fundi, Dar au Bagamoyo, aje inboksi na anieleze kwanza ataanzia wapi. Anayeanza na "tuirestati kidogo" asijisumbue.