Mrejesho: Kuwapata wenye maduka Kariakoo ili niwatunzie hesabu

Wakuu, nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kuwapata wenye maduka madogo wa Kariakoo wanaohitaji mtunza hesabu. Matangazo ya kulipia ya Instagram yaliniletea wauliza bei tu, nami nimeyaacha. Kilichofaa ni kuweka stetasi ya WhatsApp kila mwezi, kabla ya tarehe 20, kuwakumbusha waliosajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kupeleka ritani, yaani taarifa yao ya kodi ya mwezi, kisha kupita dukani asubuhi, wateja hawajajaa, na kumwonyesha mwenye duka hesabu za mauzo kwa risiti zake mwenyewe za EFD (mashine ya risiti za kodi). Muuza vitenge mmoja alinizungusha sana kabla ya kukubali, lakini ndiye aliyeniunganisha na jirani zake. Malipo bado yanachelewa. Hilo sijalipatia dawa.