Tunachagua msanifu wa jengo jipya la kitivo, na mimi ni mwalimu wa Kiswahili tu

Mwalimu_Arua

Habari zenu ndugu. Mkuu wa chuo ameniingiza kwenye kamati ya watu tisa ya kuchagua msanifu wa jengo la kitivo cha elimu. Chuo ni cha binafsi, hapa Arua, Uganda. Kwa nini mimi, sijaambiwa. Nadhani ni ile barua niliyoandika mwaka jana kulalamikia chumba ninachofundishia: mabati matupu, hakuna dari. Mvua ikianza nanyamaza. Wanafunzi sabini wananitazama, nami nawatazama, mpaka ipite.

Kampuni tatu zimeleta mapendekezo. Ya kwanza, ya Kampala, ina picha za kompyuta zinazong'aa: ghorofa nne, mbele kote vioo vya buluu, na wazungu wanatembea kwenye nyasi ambazo mkoa wetu huu wa West Nile sijaziona tangu nizaliwe. Ya pili nayo ya Kampala, na ada yake ni karibu nusu ya wenzake. Ya tatu ni mama mmoja msanifu na vijana wake wawili. Michoro yake ni ya penseli: ghorofa mbili, matofali ya kuchoma, baraza ndefu. Ni yeye peke yake aliyefika. Alishinda hapa siku nzima akiuliza maji ya mvua yanapita wapi, na wanafunzi hukaa wapi saa saba mchana.

Wajumbe wengi wameshapenda vioo. Mhazini amependa nusu bei. Moyo wangu uko kwa mama wa penseli, lakini nitasimamaje kikaoni nikasema "moyo"? Nipeni maneno.

Fundi_Mstaafu_Mbale

Mwalimu, kwanza hizo picha zifungieni kabatini.

Nimekuwa msimamizi wa ujenzi miaka ishirini na minane, mengi yakiwa majengo ya shule na vyuo. Picha ya kompyuta haivuji hata siku moja. Kila kampuni itaje majengo matatu iliyoyamaliza, yaliyotumika miaka mitano au zaidi, siyo yaliyokatiwa utepe juzi. Halafu nendeni. Mkifika msianze kwa mkuu wa mahali, atawapa soda na kusifia. Mtafuteni anayedeki na anayeshika funguo. Muulizeni mvua ikinyesha huweka ndoo wapi. Muulizeni taa ya ukumbi ikiungua inafikiwaje, maana nimewahi kuona ukumbi ambao kubadilisha balbu kulihitaji kufunga jukwaa la miti siku mbili. Na ingieni vyooni.

Sasa vioo. Arua iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri liko utosini na paa linalizuia. Linalotesa ni la asubuhi na la jioni, linaloingia kwa ubavu chini ya kipaa. Ndiyo maana jengo hulazwa mashariki na magharibi: pande ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, zile fupi ndizo zipigwe na jua. Tazama ule uso wa vioo umeelekea wapi. Ukiwa magharibi, saa kumi mtapikika humo, kisha mtanunua viyoyozi ambavyo havimo kwenye bajeti yoyote. Umeme ukikatika mtahamia chini ya mwembe.

Na hiyo nusu bei, ni nusu ya kazi gani? Mara nyingi ada ndogo ni ya ramani peke yake, kusimamia hakumo. Nilikuwa kwenye jengo la namna hiyo. Tulipofika kwenye ngazi, ramani ya msanifu ilikuwa na vidato kumi na vinane, ya mhandisi kumi na sita. Msanifu alikuwa ameshalipwa, simu hapokei. Mkandarasi akasema tujenge kumi na saba. Tukajenga. Kidato cha mwisho kikatoka kifupi, na watu wanajikwaa hapo mpaka leo.

Nubi_wa_Bombo

Ulizeni pia jina la mtu atakayepiga mhuri kwenye ramani, siyo jina la kampuni. Usanifu una sheria yake tangu 1996 na bodi inayosajili wasanifu. Hakikisheni jina hilo limo kwenye orodha ya bodi kabla ya kutia saini. Kuna watu wana ofisi nzuri na kadi za dhahabu, lakini mhuri wanaazima.

Mwanafunzi_Usanifu

Shikamoo Mzee Fundi. Nasomea kazi hii Kampala, naomba niongeze, na pengine nipinge kidogo.

Kosa si kioo chenyewe. Kule Cambridge, Uingereza, kitivo cha historia kilijengewa jengo la vioo na James Stirling, likamalizika 1968. Kabla ya kujenga, kiwanja kilibadilika, jengo likageuzwa digrii 90. Jua likaingia kusikotarajiwa. Maktaba ikawa tanuri wakati wa joto na barafu wakati wa baridi, maji yakavuja, vigae vya ukutani vikabanduka. Miaka ya 1980 chuo kikafikiria hata kulibomoa. Naye Stirling alishapata tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu duniani, 1981! Kwa hiyo, Mwalimu, kabla ya kumlipa mtu yeyote hakikisheni kiwanja kimepimwa na hati iko mkononi.

Atakayesema matofali na udongo ni umaskini, mpelekeni Entebbe. Hospitali ya upasuaji wa watoto iliyofunguliwa 2021 ilichorwa na ofisi ya Renzo Piano wa Italia, na kuta zake ni udongo uliochimbwa palepale na kushindiliwa. Na kuhusu mabati yako: Francis Kéré wa Burkina Faso, kwenye shule ya Gando, aliliinua paa la bati juu ya dari ya matofali, hewa ya moto ikapata njia ya kutokea katikati.

Ila mama wa penseli msimhurumie. Penseli nayo inadanganya. Ana vijana wawili tu. Mhandisi wake ni nani, mkadiriaji wake wa gharama ni nani, na yeye akiugua nani ataendelea? Aandike.

Mwalimu_Arua

Nimerudi. Ahsanteni wote, na Mzee Fundi ile habari ya vidato kumi na saba nimeisoma kikaoni. Mhazini alicheka kwanza, kisha akaomba barua ya nusu bei aisome tena. Kweli, kusimamia ujenzi hakumo. Ukiongeza, inawapita wenzake wawili.

Tumeshaona jengo moja la watu wa vioo, la ofisi, lina miaka sita. Upande wa magharibi wamebandika magazeti madirishani, mengine yameshakuwa ya njano. Mshika funguo alitupeleka mwenyewe bila kuulizwa.

Jambo moja hakuna aliyelitaja, nami nililisahau hadi nilipomwona mlangoni: nina mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetumia kiti cha magurudumu. Wenzake humbeba. Ghorofa nne za vioo zina lifti moja, na jenereta hatuna. Ghorofa mbili za mama hazina lifti wala njia ya mteremko. Nilimpigia, akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo mmenikamata." Kesho yake ameleta mchoro mwingine, mteremko unapanda kufuata kilima upande wa nyuma.

Nilipomwomba majengo yake matatu alitaja shule moja ya Gulu akaongeza kuwa gata zake zilifanywa nyembamba, zinafurika, tukaone. Tunakwenda Jumatano, tukivuka daraja la Nile pale Pakwach alfajiri. Gari la chuo lina viti sita na sisi ni tisa. Mhazini ameshasema cha mbele ni chake.