Naomba ushauri: saa ya taa za Nixie, tarakimu zinaacha kivuli

Wakuu habari zenu. Naunda saa kwa taa nne za Nixie (taa za kioo zenye gesi, ndani kuna tarakimu za waya zinazowaka), aina ya IN-14, zile za enzi za Muungano wa Kisovieti. Umeme unaingia volti 12, saketi ya kupandisha inautoa volti 180 hivi, na kila taa ina rezista yake kwenye anodi (upande chanya). Chipu moja ya K155ID1, ya kuchagua tarakimu ipi iwake, inaziendesha zote kwa zamu.

Shida ni kwamba "8" ikiwaka, "3" nayo inaonekana kwa mbali, rangi ya chungwa iliyofifia. Nimeongeza muda wa giza kati ya taa na taa, kivuli kimepungua ila hakijaisha. Niongeze zaidi, au kila taa iwe na chipu yake? Hapo waya zitakuwa msitu, na boksi lenyewe dogo.

Halafu kuna taa moja "6" yake inawaka nusu, chini kumekufa. Nasikia ni katodi (waya wa tarakimu yenyewe) kuchafuka, na dawa ni kuiwasha tarakimu hiyo peke yake kwa mkondo mkubwa kidogo. Sasa napitisha miliampia 2.5. Aliyewahi kufanya hivyo alipandisha hadi ngapi bila kuiua taa?

Na tafadhali, msiniambie ninunue ya LED.