Ulinzi wa kuingia kompyuta za ofisi: SMS, apu ya simu au ufunguo wa USB?

karani_moro
Habari za kazi wakuu. Mwenyekiti anataka bei kabla ya Ijumaa, naomba msaada. Ofisini kwetu wote tunaingia kwa nywila moja, na iko kwenye karatasi chini ya kibodi. Mwezi uliopita marejesho ya mwanachama yalifutwa kwenye mfumo wa mikopo, na hadi leo hatujui nani alikuwa amekaa pale. Nimeambiwa kuna namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS, kuna apu ya simu, na kuna ufunguo wa USB wa kuchomeka kwenye kompyuta. Ipi bora?

fundi_kibaha
Bora kwa kazi gani, mkuu? Hujasema kompyuta ngapi, Windows ipi, Home au Pro, mna seva au hamna. Halafu unalinda nini: kuingia kwenye kompyuta, au kwenye mfumo wa mikopo? Hayo ni mambo mawili.

Mzee wa Seva
Mimi nasema ufunguo, basi. Namba ya SMS au ya apu, tapeli akikupigia kwa sauti ya upole unamtajia mwenyewe. Ufunguo kama YubiKey unatambua anwani ya tovuti, ukiingia ukurasa feki haujibu. Kila mtu apewe miwili, wa pili ukae kwenye sefu.

Shangazi_T
SMS usiguse kabisa. Nilikuwa nasimamia barua pepe za ofisi moja hapa Dodoma. Jumamosi jioni laini ya bosi ikapoteza mtandao, tukadhani ni mnara. Kumbe kuna mtu kairudisha ile namba kwenye kadi nyingine. Akabonyeza "nimesahau nywila", namba ya uthibitisho ikaenda kwake. Jumapili nzima alikuwa ndani ya barua pepe zetu, anasoma ankara. Jumatatu asubuhi wateja wakapokea ujumbe kutoka kwenye anwani yetu halisi kwamba tumebadilisha akaunti ya benki. Wawili walilipa. Mmoja alikuwa mama anayetuuzia vifaa vya shajala, tulikuwa tunaheshimiana miaka mingi, na alipokuja kuniuliza nilikosa neno la kumwambia. Kilichoniuma zaidi, akaunti zote tatu za ofisi zilikuwa zimefungwa kwenye laini hiyo moja. Tangu siku ile ni apu tu, na zile namba za akiba, za kuingilia simu ikipotea, nachapisha na kuzifungia kabatini.

kijana_umeme
Shangazi, pole sana. Ila si siku hizi laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA?

Shangazi_T
Zinasajiliwa, mwanangu, na hiyo ya bosi ilikuwa imesajiliwa. Anayekaa kwenye kompyuta ya kurudisha laini naye ni binadamu.

karani_moro
Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na kikao. Kompyuta ni 6: nne Windows 10 Home, mbili Windows 11 Pro. Seva hatuna. Mfumo wa mikopo unafunguliwa kwenye kivinjari, na aliyetuuzia anasema unakubali SMS na apu, ufunguo bado. Halafu wenzetu wawili wanatumia vitochi, simu ndogo zisizoingia apu.

fundi_kibaha
Sasa ndiyo tunaongea. Kabla hujanunua chochote, mpe kila mtu akaunti yake ya Windows, na mtu yeyote asifanyie kazi kwenye ile ya msimamizi. Hilo ndilo litakalokuonyesha nani alifanya nini, mradi na kwenye mfumo wa mikopo kila mtu awe na jina lake. Kwenye Home hutapata dirisha la sera za usalama, lakini fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi uandike: net accounts /lockoutthreshold:5. Mtu akikosea mara tano, akaunti inajifunga kwa muda. Akinyanyuka kitini, abonyeze kitufe cha Windows na L. Bure yote hayo. Kwenye mikopo weka apu: namba inabadilika kila sekunde 30 na haihitaji bando, ila saa ya simu iwe sahihi.

Mzee wa Seva
Na nywila zibadilishwe kila mwezi.

fundi_kibaha
Mzee wangu, heshima yako, hapo nakataa. Microsoft wenyewe waliliondoa sharti la kubadilisha nywila kila baada ya muda kwenye mapendekezo yao mwaka 2019. Ukilazimisha, watu wanaandika Moro1, Moro2, Moro3. Nywila ndefu, ibadilishwe ikivuja au mtu akiacha kazi.

Mzee wa Seva
Na ikivuja bila nyinyi kujua? Nimekaa kwenye seva miaka ishirini, sijajuta kubadilisha.

kijana_umeme
Mbona hakuna aliyesema kwamba Windows 10 iliishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025? Hizo nne hazipati viraka vya usalama kama hazijaandikishwa kwenye mpango wa nyongeza wa Microsoft (ESU). Mnaweka kufuli mlango wa mbele, dirisha wazi.

Shangazi_T
Kijana kasema kweli. Zina chipu ya TPM 2.0, ile ya usalama ambayo Windows 11 inaidai?

karani_moro
Nitaangalia kesho. Na wale wenye vitochi niwafanyeje?

kijana_umeme
Ukiwa hapo angalia na RAM, na prosesa ni ya kizazi cha ngapi. Kuanzia cha nane zile za Intel, Windows 11 inaingia.