Kitabu cha Papia nakipata wapi?

Wadau, kila ninaposoma kuhusu Injili ya Marko namkuta Papia wa Hierapoli, askofu wa karne ya pili. Kitabu chake mwenyewe kiko wapi?

— Hukipati, ndugu. Aliandika vitabu vitano, na vyote vilipotea. Vimebaki vipande, hasa ndani ya Historia ya Kanisa ya Eusebio, askofu wa karne ya nne, kitabu cha 3, sura ya 39. Humo Marko ni mkalimani wa Petro: aliandika kwa usahihi, ila si kwa mpangilio.

— Na Eusebio huyohuyo anamwita Papia mtu wa akili ndogo sana! Kisa? Aliamini Kristo atatawala duniani miaka 1000. Unamdharau shahidi, kisha unamnukuu?

— Kumbe! Na Papia alizipata habari hizo za Marko kwa nani?

— Kwa mzee Yohane. Ireneo, askofu wa karne ya pili, anamchukulia Yohane huyo kuwa yule mwanafunzi wa Bwana. Eusebio anakataa, asema ni Yohane mwingine. Ubishi haujaisha. Mimi niko na Eusebio.